Aliniomba Nisimtaje, Nikamtaja

Nina miaka hamsini na sita. Ni daktari, nina mke na watoto wanne, na nyumba yangu iko Butembo, juu kidogo ya soko. Watu wakinisalimia wananiita Profesa. Nimeandika makala nyingi za afya, zimechapwa katika majarida ya Ulaya na Amerika, na vijana wa chuo wakitaka kumwona mtafiti kwa macho wanatumwa kwangu.

Ndugu wasomaji, msinipigie makofi. Someni kwanza.

Mimi ni mtoto wa Masereka, kule milimani, kwa watu wa viazi na kabichi. Baba alikufa nikiwa mdogo. Aliyenilea pamoja na mama ni mtoto wao wa kwanza, Masika. Kwetu aliyekutangulia kuzaliwa unamwita yaya, basi yeye kwangu alikuwa Yaya Masika. Alikuwa muuguzi wa dispanseri ya kijijini, vyumba viwili na veranda. Hakuolewa, alisema wagonjwa wanamtosha. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano kabla sijamaliza hata shule ya sekondari. Mazoezi tulifanyia kwenye viazi, tukivichoma sindano.

Kisha vita ikaja. Ile vita ambayo waasi waliikata nchi vipande vipande, kila mji na mkubwa wake mwenye bunduki. Waasi waliotutawala sisi walikaa Beni. Huku milimani na porini kulikuwa na wengine waliopigana nao. Asubuhi unapita kizuizi cha hawa, saa sita unapita cha wale, na wote wanakuuliza swali moja: umetoka kwa nani?

Waliopigwa risasi waliletwa kwa yaya. Wote. Mkulima aliyekutwa shambani, askari aliyeachwa na wenzake, kijana wa porini. Mlangoni aliwaambia maneno yale yale: "Bunduki inabakia inje. Humu hakuna basoda, kuna bagonjwa." Basoda kwetu ni askari. Kila mmoja alimwandika katika kaye yake, daftari la shule lenye gamba la bluu. Umri, risasi ilipoingia, siku alizokaa kabla ya kufika, alipona au hakupona. Jina hakuandika. Upande wa vita hakuandika.

Mimi wakati huo nilikuwa daktari kijana katika hospitali moja ya Butembo, na makala sifuri. Nilikuwa nikiandikiana barua na profesa mmoja wa Ulaya, mtu mwema, aliyepita kwetu kabla ya vita. Aliniambia nikitoa makala moja nzuri, jina langu likiwa la kwanza, ataniombea nafasi ya kusoma chuoni kwake. Nafasi ya kutoka... Nani hakutaka kutoka miaka ile?

Nikaikumbuka kaye ya yaya.

Nilipanda Masereka siku ya soko. Alinipikia, tukala, tukacheka habari za majirani. Kisha akaitoa kaye sandukuni. Kabla hajaiachia mkononi mwangu alisema:

"Kambale, ninakupatia hii juu uko mudogo wangu. Mais jina yangu usitie. Na jina ya hapa usitie. Andika paka vidonda." Yaani vidonda tu.

Nikamwambia, "Yaya, hii ni sayansi. Nani atasoma?"

"Sijue nani atasoma. Njo maana ninakuomba."

Nikaapa. Niliapa kwa jina la baba yetu, wasomaji.

Tuliandika na profesa kwa miezi mingi, karatasi zikienda na kurudi na wafanyabiashara waliovuka mpaka pale Kasindi kuelekea Uganda. Jarida liliipenda kazi. Lakini likauliza: habari hizi zimekusanywa wapi, na nani? Nani ataamini kijiji kisicho na jina? Profesa akaniandikia kwamba mimi ndiye ninayeijua nchi yangu, niamue mwenyewe.

Hapo ndipo nilipojidanganya. Kanisani kwetu, familia ikitoa shukrani kwa mgonjwa aliyepona au mtoto aliyefaulu, mtu husimama mbele na kutaja kwa sauti kila aliyesaidia, jina baada ya jina, na watu wanajibu wasingya, asante. Ukimruka mtu mmoja umemtukana. Nimeona ndugu wakikosana miaka kwa sababu ya jina lililosahauliwa. Nikajiambia: nitabebaje sifa ya kazi ya yaya bila kumtaja? Nitakuwa mwizi. Nikaliandika jina lake la pili, baada ya langu, na chini yake kazi yake, dispanseri yake na kijiji chake.

Ilikuwa shukrani kweli? Kidogo, ndiyo. Lakini nimechoka kujipamba. Nilitaka makala itoke. Kama jarida lingetaka na rangi ya mlango wa mama yangu, ningewapa.

Ikatoka. Nakala yangu ilifika ndani ya gunia la nguo kuukuu. Yaya sikumwonyesha. Niliifungia kwenye droo, nikampandishia sukari na sabuni, naye hakuniuliza kitu.

Kisha zikaanza kuja habari njema. Profesa aliandika: makala yetu imetajwa na mtafiti mmoja huko Ulaya kaskazini. Nilibandika barua ile ukutani, pale bureau, ofisini kwangu. Baada ya miezi kadhaa, nyingine: imetajwa tena, sasa na watu wa Nairobi. Halafu na watu wa Kampala. Wenzangu wa hospitali walinitania, "Dokta, article yako inatembea kukupita weye." Nikacheka nao. Ulaya, Nairobi, Kampala... Ilikuwa inarudi nyumbani hatua kwa hatua, na mimi niko ukutani nabandika barua.

Shirika moja la msaada likaandika ripoti juu ya majeruhi wa vita wa mashariki mwa nchi yetu, kwa Kifaransa. Likaitaja makala yetu, na mwishoni likaweka orodha ya majina na mahali, kama ilivyo desturi ya kazi hizi. Niliitwa Beni kwenye mkutano wa kuitambulisha, katika ukumbi mmoja wa komini ya Ruwenzori, mtaa mmoja wa mji ule. Nilivaa koti. Kila kiti kilikuwa na nakala juu yake. Wakubwa wa mji walialikwa, na kati yao kamanda mmoja wa waasi wa Beni, mtu wa sauti ya chini na miwani ya kusomea.

Wakati wa chai alinijia. Ripoti ilikuwa mkononi, kidole amekiweka katikati ya kurasa.

"Dokta, félicitations. Tunasomaka bintu yenu." Akatabasamu. "Mais huyu dada wa Masereka, dawa mingi hivi anapata wapi? Na hawa bijana, akimaliza kubaponesha, banarudiaka wapi?"

Nilisema sijui. Nilisema mimi ni mtu wa hesabu tu, na huyo dada ni... nikamaliza na kikohozi. Nilishindwa hata kusema ni dada yangu. Kamanda akanishukuru, akavaa miwani, akaandika kitu pembeni ya ukurasa taratibu kabisa.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi nilikuwa nimerudi Butembo. Paroko wa Masereka alikuwa na fonii, ile redio ya kuitana, lakini fonii ilisikilizwa na wote, askari wakiwa wa kwanza. Ilibidi niende mwenyewe nimwambie yaya akimbie. Na Jumamosi profesa alikuwa amepanga kunipigia, kwenye simu ya satelaiti ya mfanyabiashara mmoja, kunipa jibu la ile nafasi. Nisipokuwepo, angempigia nani? Nikapima. Nikasema siku mbili si kitu, jeshi linachelewa kila mahali, litawahi Masereka tu? Mke wangu aliniuliza mbona sili. Nikamwambia tumbo.

Mnanielewa nilichofanya? Nilijua. Tangu pale kwenye chai nilijua watamfuata yaya, na nikakaa Butembo kungoja simu.

Jumamosi simu ikalia. Nafasi nimepata! Nilitoa machozi ya furaha mbele ya wateja, dukani kwa yule mfanyabiashara. Jumapili, baada ya ibada, ndipo nikatafuta pikipiki.

Kabla ya kufika nilikutana na watu wanashuka na magodoro kichwani. Mwanamke mmoja aliyesoma nami alinitazama, akageuza uso. Dispanseri ilikuwa wazi, vitanda vimepinduliwa, dawa zimekanyagwa sakafuni. Mama alikuwa amekaa verandani, mikono juu ya magoti. 

"Balikuya jana asubui," alisema. "Balikuwa na karatasi. Bakasoma: 'Masika E.' Na hapa batu bote banamwita Mama Masika. Nani alibapatia ile E?"

E ni ya jina lake la ubatizo. Hakuna aliyelitumia kijijini. Liliandikwa hivyo, kwa herufi moja tu, mahali pamoja duniani: kwenye makala yangu. Mama hajui kusoma, lakini aliniangalia mpaka nikainamisha kichwa.

Walimchukua na wagonjwa watatu waliokuwa vitandani. Nilimtafuta. Nilizunguka Beu, mtaa mwingine wa Beni, nyumba kwa nyumba kwa watu waliosemekana wanajua, nikarudi Ruwenzori, nikasimama siku nzima nzima mbele ya kambi. Kila mahali walinijibu kwa adabu kwamba mtu wa jina hilo hayuko. Kamanda alikuwa amehamishwa. Mpaka leo hatuna kaburi, hatuna habari.

Na ile nafasi? Niliichukua. Anayetaka kuacha kusoma hapa aache, sitamlaumu.

Nilisoma, nikaandika, nikaandika tena, nikarudi na cheo. Lakini katika kazi zangu zote, makala ile ndiyo inayotajwa zaidi. Siku hizi mashine za mtandao zimemfungulia yaya ukurasa wake: jina, makala moja, na hesabu ya waliomtaja, inayopanda kila mwaka. Watu wanamwandikia kupitia kwangu. Wanamwalika kwenye kongamano. Mmoja aliuliza kwa nini mtafiti mzuri hivi hakuandika tena.

Mwaka juzi nilimweleza mama mambo hayo. Ni mzee sana sasa, lakini masikio yake ni mazima. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Toa jina ya mutoto wangu mule. Bamwache apumuzike."

Nikaliandikia jarida. Wakajibu kwa upole: jina la mwandishi huondolewa kwa ombi lenye sahihi ya mwandishi mwenyewe. Nilimsomea mama. Akaomba wino. Akabonyeza kidole gumba kwenye karatasi nyeupe, akanirudishia.

"Miye njo nilimuzaa. Hii kidole haitoshe?"

Niliituma. Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Walisema wanatupa pole, lakini sahihi lazima iwe ya mwandishi mwenyewe.

Ndugu yangu unayesoma hii, labda na wewe una kaye ya mtu mezani, au siri yake, au picha yake kwenye simu, na unajiambia ukimtaja utakuwa unamheshimu. Muulize yeye. Akisema hapana, ni hapana, hata kama mlango wa maisha yako unafungwa siku hiyo hiyo. Na ukishakosea, ukajua hatari inamwelekea, usingoje Jumamosi. Nenda kwa miguu. Nawaomba, msipite nilipopita mimi.

Kila nikipanda Masereka, mama ananiuliza kama kidole chake kimekubaliwa. Mimi profesa, mtu wa ushahidi, ninamwambia bado wanafikiria.