Chemchemi Iliyoandikwa Salama

Violeth alitumwa maji jioni ile, na kama kawaida yake alibeba ndoo mkono mmoja na simu mkono mwingine. Mama yake, Marieta, alishachoka kusema. Binti mzima, badala ya kutafuta mchumba, anatafuta mazombi kwenye simu!

Gemu lenyewe lilikuwa la mtandaoni, na ramani yake ilikuwa ya nchi hii hii tunayoilima. Ukitaka kuona mazombi ya kijiji cha Daudi, sharti usimame Daudi na simu yako. Kwa hiyo vijana wa Mbulu na Hanang waliunda kundi, kila mmoja akapewa eneo la kupima hatari na kuripoti. Sifuri maana yake pita, ni salama. Tano maana yake usisogee. Ripoti ikishatumwa haifutiki mpaka mtu mwingine asimame pale pale na kupima upya.

Bashay, kijiji chao, ilikuwa ya Violeth, na hakuifanyia mzaha. Kaka yake Renatus, mchuuzi wa mbuzi mnadani Katesh na mchezaji kama yeye, alimwamini kuliko wenzake wote. Kila akirudi nyumbani na pikipiki yake, alisimama njia panda, akasoma ripoti ya dada yake, ndipo akachagua pa kupita.

Chemchemi ilikuwa bondeni, kwenye ukungu. Manyunyu yalikuwa yameanza. Violeth aliweka ndoo chini, akainua simu, akazunguka taratibu. Halikuonekana zombi hata moja.

Kisha ikaja harufu... Harufu ya tope lililokaa miaka mingi bila kuona jua.

Aliposhusha simu, aliona mzee ameketi juu ya jiwe, ng'ambo ya maji. Amejifunika blanketi jeusi, amempa mgongo.

"Shikamoo, babu."

Kimya.

Kwao, kutoitikia salamu si jambo dogo. Mzee hata awe amegombana na baba yako, shikamoo ya mtoto ataiitikia. Violeth alidhani hasikii vizuri, akasogea, akarudia kwa sauti zaidi.

Kimya.

Manyunyu yalikuwa yamelowesha majani, ndoo, na nywele zake. Blanketi la mzee lilikuwa kavu.

Vyura wakanyamaza. Wote. Mara moja.

Violeth aliogopa. Kidole kilikwenda chenyewe kwenye tano. Hapo ndipo adabu ilipomponza. Tano ya nini? Ya mzee aliyejikalia zake? Je, akiwa babu wa mtu, na Bashay nzima ikasikia kwamba binti Marieta amemfanya mzee wa watu zombi? Aibu hiyo ingemtangulia kufika kanisani. Na isitoshe, gemu halikuonyesha kitu.

Aliandika sifuri, akatuma. Akachota nusu ndoo, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Hajamaliza kupanda mlima, simu ikatetemeka. Ni Renatus. "Nimeona. Napita chemchemi."

Violeth alisimama. Alimpigia. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita tu. Kaka yake alikuwa ameshapanda pikipiki. Akaitupa ndoo, akateremka mbio huku akiteleza. Bado hajafika, akasikia pikipiki ikizimwa kule chini, kisha sauti ya kaka yake, ya heshima kama alivyofunzwa.

"Shikamoo, babu."

Safari hii kuna aliyeitikia.

"Marahabaaa..."

Sauti ilikuwa nzito, ndefu, na ilitoka chini, kwenye maji.

Violeth hakuwahi kuita. Pikipiki ikawaka, ikapanda kwa njia ya upande wa pili. Aliona taa yake ikipita kwenye ukungu, na Renatus juu yake, peke yake. Lakini nyuma pikipiki ilikuwa imedidimia, kama imepakia gunia la mahindi.

Alipofika nyumbani akihema, pikipiki ilikuwa uani. Renatus alikuwa ameketi mbele ya moto, ameupa mlango mgongo. Koti lake lilikuwa limelowa tope mgongoni, kuanzia mabegani hadi kiunoni.

Mama alimvuta Violeth pembeni, akamweleza kwa kunong'ona. Renatus alisema kuna mzee aliomba lifti, na mzee humkatalii. Alipofika uani akageuka ili amsaidie kushuka, hakukuwa na mtu. Tangu aseme hayo hajafungua kinywa tena, na chai hajaigusa.

Violeth akamwambia alichokiona. Zamani, Mama alisema, wazee walichinja kondoo pale chemchemi kila mwaka, mpaka watu waliposhika dini wakaacha.

"Wale wanaokaa kwenye maji hawaitikii watu ovyo," alinong'ona. "Wakikuitikia, wamekuchukua."

Simu ikatetemeka. Alikuwa Maximilian, kiongozi wa kundi. Vijana wawili wa Dongobesh walikuwa wamefika Bashay na mvua imewakamata, wanaomba kujihifadhi. "Nyumbani kwenu hatari ngapi?" aliandika.

Violeth alimtazama kaka yake. Renatus, aliyekuwa akimtania kutwa nzima, sasa hata kupumua haonekani akipumua. Safari hii hakutaka adabu. Aliandika tano.

"Mjukuu wangu..."

Renatus hakugeuka. Sauti ilikuwa nzito, ndefu, na ilitoka chini.

"Andika sifuri."

Mama alishika rozari yake. Violeth alitaka kupiga kelele, alitaka kukimbia. Lakini kaka yake alikuwa bado yumo mle ndani, mahali fulani, na kumuudhi aliyemkalia ilikuwa ni kumpoteza kabisa. Huo ndio mzigo wake. Wengine wasio na kaka wamlaumu.

Aliifuta tano. Akatuma sifuri.

Haikupita muda, taa za pikipiki zikaingia uani. Injini ikazimwa. Vijana walikung'uta maji, wakacheka kidogo, wakasogea mlangoni.

"Hodi wenyewe? Shikamooni."

Renatus akainuka kwenda kuwaitikia.