Kidonge Cheupe na Kidonge cha Waridi

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kelele zake, Bibi Vifungo alimeza dawa yake ya presha. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu ya kazi. Binti yake, ambaye wote walimwita Fundi, alishona sare za shule, na mama mtu alishona vifungo. Macho yalikuwa yamechoka, lakini vidole vilijua. Kifungo alikitambua kwa rangi na ukubwa, basi.

Na vidonge alivifanyia vivyo hivyo. Akirudi kutoka zahanati, alivitoa kwenye bahasha yake, akavimimina katika kikopo cha bati, na bahasha akaitupa. Cheupe kidogo ni cha presha. Hakuhitaji kusoma.

Siku moja alirudi na vidonge vya rangi ya waridi. Vile vyeupe vilikuwa havijaisha. Akajua ameongezewa dawa. Akawa anameza cheupe, kisha cha waridi.

Haukupita muda, kichwa kikaanza kumzunguka. Akawa anatembea ameshika ukuta. Fundi alimwambia huo ni uzee tu, anywe maji. Sare za watu zilikuwa zinamngoja. Halafu asubuhi moja akasikia kishindo jikoni. Alimkuta mama yake sakafuni, damu inamtoka kwenye nyusi, na jiko linawaka kando ya kichwa chake.

Fundi aliogopa, na woga ukamtoka kama hasira. Alipoona kikopo chenye vidonge vya rangi mbili, akamjia juu mama yake. Mtu mzima anachanganyaje dawa kama karanga? Na kama angeungua? Tangu leo dawa zitafungiwa kabatini, naye atapewa mkononi kama mtoto. Bibi alijifuta damu kwa upindo wa nguo.

Zahanati walikwenda wamenuniana. Fundi ndiye aliyesimama dirishani na kueleza. Mtoa dawa hakuinua uso. Alisema dawa ni ileile, kampuni tu ndiyo imebadilika, na karatasi ya ndani ya boksi imeeleza kila kitu.

"Msimamie mgonjwa wako, dada," alisema. "Wazee hawa husahau."

Hapo Bibi alisogea mbele.

"Sikusahau kitu, mwanangu. Kilichosahauliwa ni kuniambia. Ulinitilia mkononi, ukaita mwingine. Hilo boksi sijaliona mpaka leo. Na wewe, Fundi, unanisemea nikiwa hai. Mnaongea juu ya kichwa changu kama mimi ni stuli."

Muuguzi mkuu alitoka chumbani kwake, akamwamkia, akaketi naye kwenye benchi. Fundi alifungua mdomo aeleze upya. Muuguzi akamzuia kwa mkono, taratibu.

"Mama, nionyeshe wewe unavyomeza."

Bibi akafunua kikopo mapajani, akaonyesha. Muuguzi alimpima presha, akakunja uso.

"Hizi rangi mbili ni dawa moja," alisema. "Umekuwa ukimeza dozi mara mbili. Presha imeshuka mno, ndiyo maana ulianguka. Hukukosea peke yako, mama. Sisi hatukukwambia."

Akamweleza pole pole. Tangu kesho ameze rangi moja tu. Dawa ikae kwenye bahasha yake. Asiache wala kuongeza dawa kabla ya kuuliza. Kila akija, aje na dawa zote anazotumia, hata za dukani, hata za miti shamba. Fundi akauliza kama azifungie kabatini. Muuguzi akamwambia amsaidie mama yake, asimnyang'anye.

Kisha akamuuliza Bibi zahanati ifanye nini. Bibi bado alikuwa na hasira, na hasira ile ilisema kweli. Herufi za bahasha ni kama sisimizi. Dawa ikibadilika, mtu aambiwe kwa mdomo. Na kabla hajaondoka, aeleze mwenyewe alivyoelewa.

Wiki iliyofuata wazee wengine waliitwa zahanati, nao waeleze wanavyomeza dawa zao. Mzee mmoja alikiri kwamba hunywa zote kwa mkupuo baada ya chakula cha mchana, asisumbue watu. Mwingine alisema vidonge vikubwa humkwama kooni, kwa hiyo huvitema. Mtoa dawa alikuwa amekunja mikono kifuani. Aliposikia hayo, mikono ikashuka. Alileta bahasha mpya wazijaribu. Ya kwanza waliikataa, herufi bado ndogo. Ya pili wakaisoma.

Presha ya Bibi ilitulia. Aliacha kushika ukuta, akarudi jikoni kwa miguu yake. Lakini kovu liko kwenye nyusi. Wewe unayesoma, na una mzazi nyumbani, usiseme ni uzee. Leo hii mwombe akuonyeshe dawa zake, na umsikilize.

Baada ya miezi kadhaa dawa ikabadilika tena, ikawa ya njano. Mtoa dawa alimwambia Bibi mwenyewe, kwa sauti, kwamba ni ileile ya waridi. Bibi akauliza zile zilizobaki azifanyeje. Akaambiwa azirudishe, asichanganye. Akaanza kurudia yote aliyoelewa, neno kwa neno. Nyuma yake watu wakaguna. Mmoja akasema bibi huyu anatuchelewesha.

Fundi alitaka kumjibu. Mama yake akamtangulia.

"Ngojeni," alisema, bila kugeuka. "Anayemeza ni mimi."