Alichosema Bi Zakiya

Tsss... tk. Tsss... tk, tk. Kisha kimya.

Ghadeer aliisogeza simu karibu na sikio. Sauti ile ilirudi, mfano wa paka anayepiga chafya, ikafuatiwa na kicheko cha mwanamke wa makamo.

"Umesikia, mwanangu? Hiyo ndiyo mipira yenu ya matone. Inakohoa tu, maji haitoi."

Ilikuwa saa tisa alasiri, siku ya Jumapili, ambayo kwao ni siku ya skuli. Ghadeer alikuwa amerudi kutoka skuli na kuketi kwenye ngazi ya jikoni, nyumbani kwao Al Khoudh, ng'ambo ya bahari katika nchi ya Waarabu, bado amevaa sare. Kila Jumapili kazi yake ilikuwa hiyo: kusikiliza ujumbe wa Bi Zakiya, kiongozi wa wakulima thelathini wa mboga katika bonde moja huko Pemba, kisha kuuandika kwa Kiarabu ili ausome mbele ya kamati ya mtaa. Kamati hiyo ndiyo iliyowapelekea wakulima mipira ya kumwagilia, ile yenye vitundu vidogo vinavyodondosha maji tone kwa tone kwenye shina la mmea. Mwenyekiti wake, jirani yao Ami Yaqdhan, hakujua Kiswahili hata chembe. Baba yake Ghadeer alifanya kazi mji wa mbali, Duqm, akirudi mwisho wa wiki tu. Bibi Mahbuba, mzaliwa wa Pemba, macho yake hayakumruhusu tena kuandika. Basi ukalimani ukamwangukia Ghadeer, msichana wa miaka kumi na miwili, naye akauvaa kama taji.

Sauti ya Bi Zakiya iliendelea. "Maji ya visima vyetu yana udongo, mwanangu. Siku ya tatu tu vitundu vyote vimeziba. Tumesafisha, tumepuliza mpaka mashavu yanauma. Siye tumerudi kwenye ndoo, na kiangazi hiki nyanya zinanyauka. Jirani yangu Hatem kafungia mbuzi wake kwa mpira wenu, na mimi nimeanikia nguo. Mwambie huyo bwana tunamshukuru sana, wallahi, lakini asilete mingine. Atusaidie chujio, na tangi la kutuliza maji udongo ukae chini kabla hayajaingia mpirani. Na kama inawezekana, aje mwenyewe auone udongo wetu."

Ghadeer alihisi uso ukimwaka. Ami Yaqdhan alikuwa amefundisha kilimo cha umwagiliaji kwa miaka thelathini. Mipira ile aliichagua yeye mwenyewe, akaishika kwa vidole vyake kipande kwa kipande. Utamwambiaje mzee kama huyo kwamba zawadi yake imekuwa kamba ya mbuzi?

"Vipi, mheshimiwa mkalimani?" Kaka yake Loay alipita na sahani ya mkate wa kumimina. "Wapemba wamesema nini leo?"

"Wameshukuru."

"Dakika nne nzima, kushukuru tu?"

"Watu wana adabu zao, si kama wewe. Hebu niondokee!"

Jioni, kwenye majlisi, ukumbi wa wageni wa Ami Yaqdhan, Ghadeer alisimama na karatasi yake akasoma kwa Kiarabu kizuri: "Wakulima wanakushukuruni sana. Mipira yenu inatumika kila nyumba."

Uso wa Ami Yaqdhan ulifunguka. "Mashallah! Basi hawa ni wa kuongezewa. Kule ghalani kuna seti mia mbili. Jumatano lori litazipeleka bandari ya Sohar."

Wazee wa kamati waliitikia kwa furaha. Mmoja alimpa Ghadeer kipande kikubwa cha halwa. Ghadeer alikitafuna upesi, akaaga.

Tangu hapo hakutulia. Jumatatu, mwalimu wa hesabu alimwita mara tatu kabla hajasikia. Jumanne alianza kupanga kabati, akaliacha nusu. Akaenda kumwagilia maua uani, akasahau bomba wazi. Aliichukua simu, akaiweka, akaichukua tena. Bi Zakiya alikuwa ametuma ujumbe mwingine, mfupi. Ghadeer aliufungua akiwa amesimama.

"Mwanangu, umeyafikisha? Mstari wa kwanza wa nyanya umekufa. Nauliza tu, yule bwana kasemaje?"

Alianza kuandika jibu. Akalifuta. Akaandika jingine. Akalifuta hilo pia. Kumwambia nini? Kwamba seti mia mbili nyingine za mipira ziko njiani?

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, Bibi Mahbuba alimwita ukumbini. "Wewe una nini? Tangu juzi nnakuona unazunguka kama aliyemwagiwa upupu. Kaa hapa. Niwekee sauti ya Zakiya, nnatamani kusikia Kipemba kitamu."

"Bibi, simu haina chaji."

"Mbona inaimba mkononi mwako?"

Ghadeer hakuwa na pa kukimbilia. Alibonyeza. Bibi alisikiliza akiwa amefumba macho. Sauti ilipofika kwenye mbuzi wa Hatem, Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha kicheko kikakatika.

"Na Yaqdhan kasemaje kuhusu haya?"

Ghadeer alitazama zulia.

"Hukumwambia," alisema Bibi polepole. "Na lori nnalolisikia hapo nje linapakia nini?"

"Mipira, Bibi." Machozi yalianza kumtoka. "Niliona aibu. Nilitaka afurahi. Nenda wewe ukamwambie, tafadhali. Wewe atakuelewa."

"Mimi siendi. Aliyesema ni wewe, na wewe ndiye utakayesema tena. Lakini nyanya za watu zinakufa hivi sasa tunavyozungumza, kwa hiyo kama unakwenda, usitembee."

Ghadeer alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Mbele ya ghala vibarua walikuwa wamebakiza maboksi machache tu. Dereva Fahd alikuwa tayari ameshika turubai.

"Ami Yaqdhan! Simamisha lori!"

"Mwanangu, kuna nini? Likichelewa, meli itatuacha."

"Afadhali ituache." Alikuwa akihema. "Nilikudanganya. Wakulima hawakuomba mipira. Walisema usipeleke mingine."

Vibarua walisimama. Ami Yaqdhan alimtazama bila kupepesa, kama hakusikia vizuri. Ghadeer alibonyeza simu.

Tsss... tk. Tsss... tk, tk.

Mzee yule hakujua Kiswahili, lakini sauti ile aliijua. Alikuwa ameisikia mashambani miaka thelathini. "Vitundu vimeziba," alisema kwa sauti ya chini. "Nitafsirie yote. Usiache hata neno moja."

Ghadeer alitafsiri yote: udongo, ndoo, nyanya, chujio, tangi. Alipofika kwenye mbuzi na nguo alisita, kisha akayasema nayo. Fahd aligeuka upande kuficha kicheko.

"Mbuzi wangapi?" aliuliza Ami Yaqdhan.

"Hakusema, Ami."

Ndevu za mzee zikatikisika, akacheka kidogo. Lakini alipoinama hadi uso wake ukalingana na wa Ghadeer, kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Sikiliza. Umenikosea mimi, hilo nakusamehe. Ila uliowakosea zaidi ni wale, kwa sababu walikupa sauti yao uibebe, nawe ukaitupa njiani ukaweka yako. Mtu aliye mbali hana kingine cha kujisemea. Na mimi nina kosa langu. Huku kwetu maji yana chumvi, yao yana udongo, na sikuuliza. Nilitaka kutoa kabla sijajua. Mkulima si ombaomba wa kupokea chochote na kunyamaza. Yeye ndiye anayelijua shamba lake, na anayetaka kumsaidia aanze kwa kumsikiliza, hata akiambiwa asiyoyapenda."

Akawageukia vibarua. "Teremsheni. Matangi yapo hukohuko Pemba, hakuna haja ya kuyavusha bahari. Machujio nitayabeba mwenyewe kwenye begi."

Jioni hiyo Ghadeer alimtumia Bi Zakiya sauti na kukiri kila kitu. Jibu lilikuja baada ya saa nzima, saa ndefu kuliko zote alizowahi kuishi. "Nimekasirika, mwanangu, sikufichi. Mstari mzima wa nyanya umekwenda. Lakini iliyobaki tutaiokoa. Mlete huyo bwana."

Ami Yaqdhan alisafiri wiki iliyofuata. Siku ya nne simu ya video ililia Al Khoudh, na Ghadeer na Bibi wakaona kwenye kioo tangi jeusi juu ya matofali, mipira ile ile imezibuliwa na kulazwa upya, na vitone vikidondoka kwenye mashina ya nyanya, kimoja kimoja, bila kukohoa. Wakulima walikuwa wamejipanga wakitazama. Ami Yaqdhan, suruali imekunjwa hadi magotini na tope hadi viwikoni, alitabasamu kama bwana harusi.

"Muulize Bi Zakiya, je, ameridhika?"

Bi Zakiya alishika kiuno. "Mwambie maji yanatoka, ahsante sana. Lakini tangi kaliweka pabaya. Nilimwonyesha kwa mkono, hakunisikiliza. Mvua za masika zikija, hapo ni mto. Lihamishwe kule juu, leo hii, kabla hajapanda ndege."

Ghadeer alimtazama yule mzee aliyechoka, na tabasamu lake lote lile. Kisha akayasema kwa Kiarabu, neno kwa neno, pamoja na lile la kutosikiliza.

Tabasamu la Ami Yaqdhan lilififia. Alilitazama tangi, akaitazama miteremko ya bonde, akaitikia kwa kichwa na kujipangusa paji la uso. "Amesema kweli. Mwambie namwomba radhi. Tunalihamisha sasa hivi."

Ghadeer alitafsiri. Bi Zakiya alicheka, akaikaribia simu mpaka uso wake ukajaza kioo. "Na wewe, mwanangu? Nikuamini tena?"

Ghadeer alisimama wima, Bibi akimsikiliza nyuma yake.

"Bi Zakiya, nakuahidi mbele ya Bibi yangu na Ami Yaqdhan: utakalonipa nilifikishe, nitalifikisha lote kama ulivyolisema, zuri na chungu, na sitalipunguza ili mtu anifurahie."