Mguu wa Eufrasia

"Usikanyage breki kwa nguvu, mpenzi. Achia pedali taratibu, gari litapunguza mwendo lenyewe."

Eufrasia akaachia. Gari likasimama kwenye mataa ya Barking, mashariki mwa London, kwa upole. Thadei, kwenye kiti cha abiria, akachungulia simu yake na kutabasamu.

"Tisini na sita. Mama wewe, una mguu wa dhahabu."

Jamani, mwanamke wa miaka thelathini na tisa, anayeogesha wazee wa watu tangu alfajiri, akiambiwa hivyo na mwanaume anayempenda, afanye nini? Aliamini.

Kampuni iliyotengeneza gari la Thadei ilikuwa inawapa wateja wachache wa London programu ya gari kujiendesha lenyewe. Kuipata, ilibidi gari lipime uendeshaji siku kumi na nne: breki za ghafla, kubana gari la mbele, kukata kona kwa kasi. Alama za usalama zikishuka chini ya tisini na tano, umekosa. Akiendesha Thadei mwenyewe hazikuvuka sitini. Basi akamwandikisha Eufrasia kwenye bima kama dereva wa pili, akamwachia usukani. Eufrasia aliipiga picha karatasi ile, jina lake chini ya jina la Thadei, akamtumia mama yake Songea. Kwake hiyo ilikuwa nusu ya ndoa.

Siku ya kumi na nne alama zikasoma tisini na saba. Thadei akambusu mkono, akaahidi kwamba Jumamosi mshenga atapeleka barua ya posa Tottenham, kwa Humphrey, baba yake mdogo Eufrasia.

Jumamosi baba mdogo akavaa suti. Mkewe akapika pilau la watu kumi. Huko Songea mama hakungoja. Alishatangaza kwenye jumuiya ya kanisani, na kina mama walishachagua vitenge vya sare. Saa nane ikapita, saa kumi ikapita, mlango haukugongwa. Eufrasia akapiga simu mpaka akaona aibu mbele ya mama mdogo na watoto. Jioni ikaingia meseji:

"Samahani dear, nimebanwa na kazi. Tutaongea."

Hawakuongea wiki tatu. Eufrasia alikonda. Kazini alikuwa anajifungia chooni kuangalia kama meseji zake zimesomwa, na zilikuwa zimesomwa zote. Siku aliyokuwa ameanza kukata tamaa, simu ikaita.

"Eufrasia, kesho uko off?"

"Niko off."

"Njoo tuzunguke kidogo na gari."

Akaenda. Hata nywele alisuka. Alimkuta Thadei ameshakaa kiti cha abiria, na kabla hajauliza hali akaanza kueleza. Programu alipewa, lakini pale anapolazimika kushika usukani mwenyewe kampuni bado inampima, na alama zimeporomoka. Amepewa wiki moja, la sivyo wanaizima.

"Nakuomba siku saba tu," akasema.

Eufrasia akaendesha kama dakika kumi, kisha akaegesha pembeni.

"Thadei, barua ya baba mdogo iko wapi?"

Thadei akatazama dirishani.

"Nina mchumba Moshi. Mahari nilishatoa mwaka jana. Anafika mwezi ujao."

"Na mimi?"

"Wewe ni mtu mzuri sana."

Iliuma. Akamuuliza kwa nini basi asiendeshe mwenyewe, apate alama zake. Thadei akavua kiatu cha kulia, akaupiga mguu kofi.

"Siusikii. Ni sukari. Nakanyaga breki bila kujua nimekanyaga kiasi gani. Sitaki yule binti aje akute mgonjwa. Gari likijiendesha, hatajua."

Eufrasia alikuwa ameosha miguu ya namna ile mingi kuliko anayoweza kukumbuka. Huu mmoja hakuuona, kwa sababu alikuwa ameambiwa atazame barabara.

"Ulinipenda hata siku moja?"

"Nilikuwa naangalia alama," Thadei akajibu. Na ubaya wenyewe, hakuwa anadanganya.

Eufrasia hakushuka na kumwacha pale. Watoto walikuwa wanatoka shule, na mtu mwenye mguu ule hakupaswa kugusa usukani. Akamrudisha kwake taratibu, maana hakujua kuendesha kwa namna nyingine. Mlangoni akamwekea ufunguo mkononi.

"Mwambie daktari wako kabla hujaua mtoto wa watu. Usipomwambia, watu wa leseni nitawaandikia mimi."

Kituoni, akisubiri basi, akampigia mama yake.

"Mama, waambie jumuiya waache vitenge. Ndoa haipo tena."

Mama akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu ambaye akili yake imeona sababu moja tu:

"Mwanangu, amekufa?"

Eufrasia akafikiria jinsi ya kumweleza mama wa Songea kwamba bintiye alichumbiwa mguu. Akafikiria kina mama wa jumuiya na macho yao.

"Ndiyo, mama. Amekufa."

Mama akaangua kilio. Katikati ya kilio akaomba jina kamili la marehemu, ampelekee padri kwa ajili ya misa. Eufrasia akalitaja lote, la ubatizo na la ukoo. Alipomaliza kulitaja ndipo na yeye akalia. Basi likaja, likafungua mlango, likaondoka bila yeye.