Kikatio na Kidude Chenye Meno

Katika nyumba hii kuna mtu mmoja anayeshuku kila kitu. Ni mama mkwe. Akiletewa maziwa, anayanusa. Akiletewa mkate, anaugeuza chini juu. Mgeni akibisha hodi, anamchungulia kwanza dirishani, kisha anauliza "Nani?" na huku ameshamwona. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mpelelezi. Mwenyewe anajua, wala hakasiriki.

Mpelelezi anaishi na mwanawe na mke wa mwanawe. Mwanawe ni fundi wa friji. Mkewe ni mshonaji. Chumba cha mbele kina cherehani, vitambaa, na magauni yanayosubiri wenyewe. Jioni mshonaji huinuka kwenye cherehani mgongo ukimuuma, na chakula bado hakijapikwa.

Siku moja fundi alirudi na boksi.

"Nimekuletea msaidizi," alimwambia mkewe. "Hali, halali, halalamiki."

Ndani ya boksi mlikuwa na kikatio cha mboga. Kilikuwa ubao mwembamba wa plastiki. Katikati yake palikuwa na wembe uliolala mshazari. Ukisukuma karoti juu yake, vipande vyembamba vinaanguka chini. Mlikuwa pia na karatasi ya maelezo, na kidude cha mviringo chenye meno mafupi kwa chini.

Fundi aliikunja ile karatasi bila kuisoma, akaitupa.

"Mimi ni fundi," alisema. "Nifundishwe kukata karoti?"

"Na hiki kidude ni cha nini?" mkewe aliuliza.

Mpelelezi alikichukua, akakigeuzageuza. "Hiki ni cha kuwekea sabuni," alisema. "Hamwoni meno? Sabuni inakaa juu, maji yanashuka chini. Wamewapa bure ili msiulize kasoro za hicho kingine."

Wakakipeleka bafuni. Na kusema kweli, sabuni ilikaa vizuri sana.

Mshonaji alikipenda kikatio siku hiyohiyo. Kabichi iliyokuwa ikimchosha mkono sasa ilikwisha kufumba na kufumbua. Mpelelezi alisimama mlangoni, macho kwenye wembe.

"Mimi sikiamini," alisema.

"Mama, wewe huamini hata jua likichomoza," mshonaji alimtania.

"Siku likichelewa, nani atakuwa wa kwanza kujua?"

Siku chache baadaye fundi alionekana na plasta kidoleni.

"Umefanya nini?" mkewe aliuliza.

"Koleo," alijibu haraka. "Kazini huko."

Mpelelezi alimtazama mwanawe. Mwanawe akatazama pembeni. Mshonaji aliyaona yote mawili. "Hawa wananificha kitu," aliwaza.

Kesho yake kikatio hakikuwepo rafuni. Mshonaji alitafuta jikoni kote.

"Mama, hujakiona kikatio?"

"Mimi? Nikifanyie nini?"

Jibu hilo halikumridhisha. Alipoingia kufagia chumba cha mama mkwe, alichungulia nyuma ya kabati. Kikatio kilikuwa pale, kimeviringishwa ndani ya taulo kuukuu.

Mshonaji alichemka. "Ananionea wivu," alijiambia. "Hataki nipumzike hata kidogo." Hakumwuliza mama mkwe lolote, na hapo ndipo alipokosea. Alitoka nyuma ya nyumba, akampigia simu wifi yake, yaani dada wa mumewe.

"Wifi, njoo Jumamosi umchukue mama," alisema. "Nimechoka kufichiwa vitu ndani ya nyumba yangu."

"Kaka anajua?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Kisha aliingia jikoni na kikatio chake. Alikuwa na hasira, na alitaka nyumba nzima isikie akikata. Aliweka kikatio juu ya meza iliyolowa maji. Akashika karoti kwa vidole, akaisukuma kwa nguvu na kwa haraka. Karoti ikawa fupi. Hakuacha. Kikabaki kipande kidogo kama kifungo cha koti. Akasukuma tena. Kikatio kikateleza.

"Mama!" alipiga kelele.

Mpelelezi alifika mbio. Alipoona damu, alifungua dirisha akamwita jirani. Jirani huyo ni mpishi wa hospitali, na kila siku hukata mboga za wodi nzima. Aliingia bila hata kukaribishwa.

"Lete mkono hapa."

Aliliosha dole gumba kwa maji safi ya bomba. Akakunja kitambaa safi, akakibana juu ya jeraha, akauinua mkono juu.

"Kaza hivyohivyo. Usifunguefungue kuchungulia."

Walingoja. Damu ikasimama.

"Wembe umechukua ukucha na ngozi kidogo," mpishi alisema, akimfunga bandeji. "Una bahati. Jeraha lingekuwa la kina, au damu ingekataa kusimama, tungekwenda hospitali sasa hivi."

Mshonaji alikuwa akilia. Maumivu hayakuwa makali, ila alikuwa ameogopa. Dole gumba lile ndilo linaloongoza kitambaa chini ya sindano. Bila hilo angeshonaje?

Mpishi alitazama meza. "Kishikio kiko wapi?"

"Kishikio gani?"

"Vikatio vya namna hii huja na kishikio cha kulinda vidole. Cha mviringo, chini kina meno."

Mpelelezi alitoka polepole kuelekea bafuni. Alirudi na kidude kinachotiririka povu.

"Mlikuwa mnakitumia wapi?" mpishi aliuliza.

"Kilikuwa kazini," Mpelelezi alijibu. "Kinaogesha watu."

Mpishi alicheka mpaka akashika ukuta. Mshonaji naye akacheka, machozi bado yakimtoka. Kisha mpishi akakiosha kishikio, akafuta meza.

"Sasa tazameni. Kwanza natandika kitambaa chenye unyevu chini ya kikatio. Kwa nini?"

"Kisiteleze," mshonaji alijibu kwa unyonge.

"Haswa. Pili, nakata ncha ya karoti kwa kisu ili ikae sawa. Ingekuwa kabichi, ningeigawa kwanza. Halafu nachoma karoti kwenye meno ya kishikio. Naweka kiganja juu, vidole nimevinyoosha. Nasukuma taratibu, macho yangu yako hapa. Sipigi soga."

"Lakini sasa hivi unapiga soga," Mpelelezi alisema.

Mpishi akasimamisha mkono. "Kweli, mama. Umenishika." Akanyamaza, akasukuma. Vipande vikaanguka, vyembamba, vyote sawa. Kilipobaki kipande kifupi, akaacha.

"Na hicho kilichobaki?" Mpelelezi aliuliza kwa wasiwasi.

"Nakikata kwa kisu, au nakitia chunguni kilivyo. Kipande hiki ndicho kinachokata watu. Mtu anakionea huruma kisipotee, anapoteza kidole."

"Na wewe uliyajuaje yote haya?"

Mpishi alimwonyesha kidole cha shahada. Ncha yake ilikuwa bapa. "Hivi ndivyo nilivyojua, mama."

Kuanzia hapo Mpelelezi hakumshuku tena. Mpishi akamaliza: kikatio kioshwe mara moja baada ya kazi, kwa brashi, chini ya bomba. Kisizamishwe kwenye beseni la povu, kwa sababu mtu ataingiza mkono bila kuona wembe. Kikikauka, wembe ufunikwe, kiwekwe juu, mbali na watoto wa majirani wanaoingia bila hodi.

Fundi aliporudi alimkuta mkewe na bandeji. Aliketi chini, uso umemshuka.

"Haikuwa koleo," alisema. "Nilikata viazi kwa kile kitu nikaumia. Niliona aibu. Nikamwomba mama asikwambie."

Mshonaji alimgeukia mama mkwe. "Ndiyo maana ulikificha?"

"Yeye akiumia kidole, friji itangoja," Mpelelezi alisema. "Wewe ukiumia, kazi yako yote inasimama."

"Si ungeniambia, mama?"

"Ungeniamini? Kila siku mnanicheka kwamba nashuku kila kitu."

Mshonaji aliona aibu kubwa. Jioni ileile alitoka nje kwa mlango wa mbele, akampigia wifi yake simu, akamwambia asije. Kwa mama mkwe alinyamaza. Alidhani hajui kitu.

Mambo yakabadilika jikoni. Bafuni sabuni ilihamia kwenye kisosi. Fundi alitafuta karatasi ya maelezo kwenye pipa, akaisoma yote, huku mkewe akimtazama asiruke mstari. Mpelelezi mwenyewe alikuwa akikata matango kwa kishikio, na mtu akimsemesha hamjibu mpaka amalize. Hakuna aliyekatwa tena. Dole gumba lilianza kupona, na kufikia Ijumaa mshonaji aliweza kukaa tena kwenye cherehani.

Ijumaa hiyo jioni aliingia chumbani kwa mama mkwe kumwita wale. Alimkuta amekaa kitandani. Miguuni pake palikuwa na begi kubwa, limejaa, limefungwa.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kesho si Jumamosi?" Mpelelezi alisema. "Dirisha langu linatazama nyuma ya nyumba. Nilisikia."

Mshonaji alishika mwimo wa mlango. "Ulisikia tangu siku ile? Kabla sijajikata?"

"Kabla."

"Na bado ulikuja mbio?"

"Uliita mama," Mpelelezi alisema. "Nani mwingine angekuja?"

Mshonaji alipiga magoti, akafungua begi. Alianza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini, kwa mkono wenye bandeji na usio na bandeji. Mpelelezi alikaa palepale akimtazama kwa makini, mpaka alipohakikisha kwamba nguo zote zimerudi.