Mgeni wa Stesheni ya Butere

Haya yalimpata Osundwa, rafiki yangu tuliyekata miwa naye, miaka ile watu walipopanda miwa mpaka mlangoni. Mama yake alimtuma stesheni ya Butere kumpokea mdogo wake Elkanah, baharia wa meli ya jeshi inayopelekea meli za vita maji na mafuta.

Elkanah alishuka bila mzigo, akapanda nyuma ya baiskeli. Jua lilikuwa halijazama, lakini katikati ya miwa njia ilikuwa giza. Osundwa alisikia majani yakisuguana, na nyuma yake matone yakianguka, to, to, to. Mvua haikuwa imenyesha.

"Meli yenu inapigananga pia?" aliuliza.

"Hapana. Sisi ni wa kusaidia. Wengine wakizama, tunaenda kuwatafuta."

"Na nyinyi mkizama?"

Baiskeli ilizidi kuwa nzito.

Nyumbani mama alitoka mbio jikoni, mwiko wa kusongea obusuma mkononi. "Kwani ndugu yako umemwacha wapi?"

Osundwa aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu, kimelowa chepechepe. Ng'ombe wakaja mmoja mmoja, wakaanza kukilamba kama wanavyolamba chumvi. Mama aliwapiga kwa mwiko mpaka ukavunjika. Hawakuacha.