Seli Zilizogoma Kuachana

"Nimwage? Sema tu, nimwage!"

"We mwizi, weka chini!" daktari alifoka. "Hizo ni seli za mama yangu!"

Fundi friji alicheka. Fundi feki. Mkono mmoja ulishika thamosi juu ya sinki la maabara, mwingine bisibisi.

Ruba alisimama mlangoni na bastola yake ya Glock. Kazini, idara ya ujasusi, walimpa jina hilo kwa sababu akikuganda habanduki.

Kwenye kipaza sauti cha sikioni, bosi alinguruma.

"Ruba, hali?"

"Mbaya, mkuu."

"Usifyatue! Seli zikimwagika tumekwisha."

Kweli. Kansa inaua ikisambaa. Seli zake zinapoteza gundi ya kushikana, zinabanduka, zinapanda damu kama basi, zinashukia mapafuni. Daktari alipata dawa ya kurudisha hiyo gundi. Seli za mama yake ndizo za kwanza kuikubali. Hakuna nyingine. Na mama yuko wodini, anaisubiri.

"Nipishe, kaka," fundi alisema. "Wanunuzi wako uwanja wa ndege."

"Kaka yako nani?"

Ghafla daktari akageuka. Macho yake yaliganda kwenye ndoo ya taka. Juu ya glovu chafu ililala chupa bapa ya plastiki ya kuoteshea seli, kizibo kimefungwa.

"Kwenye thamosi ulimimina maji tu?" aliuliza taratibu.

"Maji mekundu yote. Hata tone sijaacha. Unanionaje?"

"Mwaga."

"Eti?"

"Mwaga, baba. Mwaga yote!"

Fundi akaduwaa. Akaitazama thamosi.

Kosa.

Ruba aliruka. Teke, bisibisi ikapaa. Kiwiko cha shingo. Fundi chali, puu! Pingu. Thamosi ikabingirika, sakafu ikawa nyekundu.

Daktari keshaokota chupa. Akatia maji mekundu mapya ya uvuguvugu, mbiombio, kabla haijakauka. Akainamia darubini.

Ruba alisogea.

"Dada, vipi?"

"Seli haziogelei ovyo. Zinang'ang'ania sakafu ya chupa. Huyu mjinga kaiba mchuzi, nyama kaacha." Akazungusha lenzi. "Zipo. Zimeshikana zote."

"Ruba, ripoti!"

"Mzigo upo, mkuu. Mwizi pia."

Akamkunja fundi kola, akamsukumia koridoni.

"We jasusi!" daktari aliita, jicho bado kwenye darubini. "Ukibamiza huo mlango, nakuua."

Ruba aliufunga kwa vidole viwili.